Mafuta Machafu Yana Wenyewe

Mangobo hatuhitaji redio itutangazie kwamba jirani ana shida. Lala tu chini ya gari, acha miguu ichungulie barabarani, usubiri. Kabla hujaishika buloni ya kwanza, mtu atakuwa amesimama karibu na vidole vyako anakupa pole.

"Pole sana, mama. Imekufa lini?"

Haijafa.

"Basi tumshukuru Mungu. Lakini inaonekana imeteseka."

Kwetu mtu huhurumiwa kwa Kiswahili na kuchekwa kwa Kilingala. Nikiwa chali mchangani nilizisikia lugha hizo mbili zikipokezana kazi, na hata haikuwa saa nne asubuhi.

Nilikuwa nafanya vidanji, basi. Kutoa mafuta ya zamani ya injini, kubadilisha filta, kutia mapya. Kwenye simu nilimwona Mzungu mmoja akiifanya kazi hiyo amevaa glavu safi, juu ya sakafu ambayo ungeweza kuandalia fufu, na peke yake. Hilo la peke yake ndilo sijapata kuliona Mangobo. Komini yetu hii ya Kisangani ina watu wengi, parsele zimebanana, na mtu akinyolewa nywele chini ya mwembe huwa na wasimamizi wasiopungua wanne, kila mmoja na upande anaoutaka upunguzwe.

Fundi wangu wa garaji sikumwacha kwa sababu ya bei. Alikuwa anatoza kidogo mno, mpaka nikawa namwonea huruma. Nilimwambia mume wangu kwamba yule kijana hajui biashara. (Naomba msomaji ayaweke maneno haya mahali pazuri, tutayarudia.) Nilichoshwa na kungoja. Gari unalipeleka asubuhi, unalipata jioni kiti kimesogezwa nyuma, redio imehamishwa kwenye stesheni ya ndombolo, na petroli imeshuka kwa safari ambazo hazina mwenyewe.

Gari lenyewe ni Toyota IST. Lilizeeka kwanza Japani, likaja kuzeeka mara ya pili kwetu. Lilishuka melini Mombasa, likapita Kampala, likaingia Bunia, kisha likashika ile barabara ya Komanda, Mambasa, Niania na Bafwasende hadi Kisangani, na kila shimo la njia hiyo liliacha sauti yake ndani ya gari langu. Magari yanayotoka Kinshasa hupanda mto juu ya majahazi ya chuma, kilomita kama 1,700, na usukani wake uko kushoto kama sheria ya Kongo inavyotaka. Usukani wangu uko kulia. Nikitaka kulipita lori inabidi nimuulize abiria kama anaona kitu, na abiria wa Kisangani hajawahi kukubali kwamba haoni.

Halafu kuna yule mama wa Kijapani. Kila nikiwasha gari, kutoka ndani ya dashibodi anatamka sentensi nzima kwa adabu kubwa. Watoto wa avenyu yetu wanaijua kwa moyo. Wanaiimba wakirudi shule. Kwa miaka tulidhani anatutakia safari njema. Baadaye nikapata tafsiri: anasema kadi ya ETC haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia ushuru kwenye barabara zao za kasi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijaingia kwenye dimbwi la mbele ya geti, nakumbushwa deni la barabara ya kasi.

Kwenye ukingo wa mlango Wajapani wameacha pia kibandiko cha vidanji, kimeandikwa kwa mkono: tarakimu 24, kisha mwezi, kisha kilomita. Mzee mmoja wa avenyu yetu, ambaye zamani alikuwa mekanisie wa meli za shirika la ONATRA na ndiye mamlaka yetu ya juu katika kila kitu chenye injini, alivaa miwani akatangaza kwamba gari linakula lita 24. Kwa meli hilo lingekuwa tone. Nikamweleza kwamba Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao, na kwamba Heisei, enzi ya Akihito, ilianza 1989, hivyo mwaka wa 24 ni 2012. Mzee akatafakari. "Basi, mwanangu," akasema, "umechelewa."

IST inataka lita 3.7 pamoja na filta. Muuza mafuta akanikatia nne, akaongeza na ya tano "ya njiani." Njia gani? "Njia yoyote, mama." Alitaka nichukue 20W-50 kwa sababu ni nzito na Kisangani kuna joto. Mwenzake wa meza ya pili akadai kwamba gari la Kijapani linataka 5W-30, nyepesi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, hivyo nikajaribu kuingilia: namba iliyo kabla ya W hueleza mafuta yanavyotiririka injini ikiwa baridi, na ile ya baada hueleza uzito wake yakifika nyuzi 100. Sisi tuko nusu nyuzi tu juu ya ikweta. Asubuhi ya baridi ya kumtisha mtu wa 20W haijawahi kufika hapa, kwa hiyo wangebishania namba ya pili tu, waiache ya kwanza kwa watu wenye theluji. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha wakaendelea na utaratibu wao: kusugua mafuta kati ya vidole, kunusa, na mmoja akaonja. Nilinunua 10W-40, nikawaacha wote wawili wakiwa na huzuni sawa.

Filta nayo ilizua neno. "Ya nini mpya? Ile ya zamani unaiosha na petroli, inarudi." Hairudi. Ndani yake mna karatasi iliyokunjwa-kunjwa inayonasa masizi na vumbi la chuma, na petroli huilainisha karatasi hiyo kabla ya kutoa uchafu wowote wa maana. Nikalipa. Muuzaji akanirudishia chenji kwa masikitiko.

Maelekezo yote ya vidanji duniani huanza na maneno haya: egesha gari mahali tambarare. Aliyeyatunga hajaiona avenyu yetu baada ya mvua. Maji hupita katikati na kuacha korongo, kulia mchanga, kushoto mizizi ya mwembe. Mzee wa ONATRA alileta sahani ya maji, akaiweka juu ya boneti, akawa anaamuru: mbele kidogo, nyuma, rudi, mbele. Gari lilitembea parsele tatu kabla maji ya sahani hayajatulia. Tukajikuta mbele ya kanisa, chini ya kivuli cha turubai lao, saa ya mazoezi ya kwaya. Kwaya ikaendelea kuimba ikitutazama.

Kriki nayo ina tabia yake mchangani. Unapandisha, gari haliendi juu. Kriki ndiyo inayokwenda chini. Ililazimu kitanda cha mtu kitoe ubao. Gari lilipoinuka, Mzee akakataa katakata mtu kuingia chini kabla hatujasukuma rimu zima la gurudumu chini ya kila upande, tena akalipiga teke kuhakikisha. Kriki ni ya kuinulia, hailindi mtu. Aliyasema hayo kwangu, akayasema kwa watoto, akayasema kwa kwaya. Katika mambo yote yaliyosemwa siku ile, hili pekee halikupata mpinzani.

Mume wangu alishika tochi ya simu. Jua lilikuwa kali, lakini aliona kila mtu ana kazi, naye akajitafutia yake.

Buloni ya kutolea mafuta iko chini ya karteri, lile bakuli la mafuta la injini, na ufunguo wake ni wa 14. Nikauvalisha, nikauliza, kama mtu anavyojisemea, ni upande upi.

"Kushoto!" ikajibu avenyu.

"Kushoto kwa nani?"

Hapo ndipo watu walipogawanyika. Waliosimama upande wa miguu yangu walikuwa na kushoto kwao, waliosimama upande wa kichwa wakawa na kwao, na mume wangu, aliyechuchumaa ubavuni, akapendekeza juu. Mzee akainua mkono. "Kushoto kwa buloni," akasema, na kesi ikaisha, ingawa hadi leo nadhani wengi hawakumwelewa.

Haikufunguka. Kiwandani huifunga buloni hii kwa nguvu ya kama nyutoni-mita 37, yaani mkono mmoja wa mtu asiye na hasira. Fundi wangu yeye aliifunga kana kwamba ndani yake amefungia jini. Kijana wa taxi ya pikipiki akakimbia kwao akarudi na bomba la fremu ya baiskeli, masalia ya toleka ya baba yake. Wageni huenda hawajui: toleka ni baiskeli za abiria, zenye kiti cha sponji nyuma, na ndizo zilizoubeba mji huu katika miaka ya vita, petroli ilipokuwa haipatikani, kabla pikipiki hazijaja kuzistaafisha. Tukauvalisha ufunguo bomba lile. Toleka ikavuta mara ya mwisho, buloni ikalia, watu wakapiga kelele, kwaya ikakosa noti.

Sasa fizikia. Mnamo 1644 Mtaliani Evangelista Torricelli alichapisha kwamba kasi ya kimiminika kinachotoka tunduni hutegemea kina kilicho juu ya tundu. Karteri ikiwa imejaa, mafuta huruka mbali. Yakipungua, upinde unafupika hadi yanadondoka wima. Maana yake beseni haliwezi kukaa mahali pamoja, lazima lirudi nyuma polepole likifuata hesabu. Nilikuwa nimewafundisha hayo wanafunzi wangu wa humanite mwaka mzima, kwa ubao na chaki na mitihani, na matokeo yao siyasemi hapa. Lakini mafuta moto yaliporuka juu ya beseni, yakavuka, yakatua kwenye kiatu cha mume wangu, kile cha Jumapili, sauti kadhaa kutoka kwenye umati zilipaza pamoja: "Madamu, Torricelli!" Nilikaribia kulia kwa furaha. Mume wangu naye alikuwa anakaribia kulia, ila kwa sababu yake.

Katika vurugu hiyo buloni ikanitoka vidoleni ikazama kwenye beseni. Vijana watatu wakakunja mikono ya mashati kama wavuvi Wagenia walioona samaki, nikawazuia, kwa kuwa mafuta yaliyotumika yana masizi na metali zisizofaa kugusa ngozi. Mtoto mmoja akaondoka bila kuaga, akarudi na sumaku kubwa ya spika mbovu imefungwa kamba. Alipoulizwa spika ilikuwa ya nani, aliitazama kwaya, kwaya ikaitazama redio yao, na Mzee akasema haya tuvue kwanza. Buloni ikapanda ikiwa imebeba na unga mweusi wa chuma. Mzee akausugua kati ya vidole: injini bado nzima, akasema, huu ni unga wa uzee tu.

Mpaka hapo nilikuwa na hofu moja iliyonikosesha usingizi: mafuta machafu nitayatupa wapi? Nilikuwa nimesoma kwamba Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, husema mafuta ya vidanji moja yanaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi, matumizi ya watu 50 kwa mwaka. Chini ya avenyu yetu kuna chemchemi, na nusu ya watu waliosimama pale walikuwa wamekunywa maji yake asubuhi hiyo. Nikatoka chini ya gari, nikajipangusa, nikaanza hotuba.

"Ndugu zangu, haya mafuta tusiyamwage ovyo..."

"Kumwaga?" Mwashi alinikata kauli. "Nani amesema kumwaga? Mama, mtu akiyamwaga haya hapa atapigwa."

Nikageuka, nikakuta foleni. Watu wameshika chupa, bidoni, makopo ya maziwa, na mmoja sufuria yenye mfuniko. Wa kwanza alikuwa mpasua mbao, amekuja na bidoni kubwa kupita mahitaji ya gari lolote la Mangobo. Mnyororo wa msumeno wa injini unakunywa mafuta muda wote unapokata, akaeleza, na msituni hakuna anayeunywesha mafuta ya dukani. "Mnyororo haujui kusoma chupa." Nyuma yake jirani anayejenga: ana nguzo za mti, na mchwa wa mkoa wetu wa Tshopo anakula nguzo kabla hujapiga bati, ukipaka mafuta machafu sehemu inayoingia ardhini, mchwa anakwenda kwa jirani mwingine. Jirani mwingine huyo naye alikuwa kwenye foleni, kwa sababu hiyohiyo. Mwashi alitaka ya kupaka mbao za kumwagia zege, zising'ang'anie. Kijana wa pikipiki alidai haki ya bomba la toleka. Mchungaji akatoka kanisani kwa unyenyekevu: bawaba za geti zinalia wakati wa maombi, na eneo tulilolitumia tunajua ni la nani.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa parsele ya nyuma. Yeye huyamwaga kuzunguka choo, kufukuza nyoka.

"Mama, yanasaidia kweli?"

"Tangu nianze sijamwona hata mmoja."

"Na kabla ya hapo ulikuwa unawaona?"

"Hapana. Lakini sasa siwaoni zaidi."

Yalitoka kama lita tatu. Mengine injini ilikwisha kuyaunguza, na mengine yalikuwa kiatuni. Lita tatu kwa watu wale wote ni hesabu ambayo hata mtihani wa serikali usingeithubutu. Mpasua mbao alitaja bei. Mwashi akaipandisha. Mwenye nguzo akasema yeye ni jirani, ujirani hauna bei. Mpasua mbao akamjibu basi na mbao za nyumba yako utazipata kwa ujirani. Mume wangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno lenye faida, akasogea karibu na beseni akasimama na kiatu chake cheusi kimoja, akiwa mlinzi na ushahidi kwa pamoja. Mzee wa ONATRA akaomba kikombe. Akagawa kama walivyokuwa wakigawa mgao melini, kikombe kwa kikombe, cheo kwa cheo: msumeno kwanza, nguzo, zege, pikipiki, geti. Mama wa nyoka akapata cha mwisho, chenye mashapo, naye akafurahi kwa sababu nyoka, alisema, wanachukia mashapo zaidi.

Nikiwa nimekaa baadaye niliwaza kwamba nguzo iliyopakwa iko ardhini, na msumeno huyatema yote porini, na choo cha mama yule kiko juu ya chemchemi. Galoni milioni zile bado ziko hatarini, ila mafuta yanazifikia kwa kuzunguka, yakiwa yamefanya kazi kwanza. Nilimwambia mama yule, angalau yeye, aache. Alinitazama akaniuliza nani atakuwa na dhamana ya nyoka.

Filta ilitoka baada ya kutobolewa kwa bisibisi na kusokotwa; kuna mtoto sasa ana gari la kuchezea lenye gurudumu moja nene. Mpya niliifunga kwa mkono tu, nimepaka mpira wake mafuta. Mafuta mapya tuliyatia kupitia chupa ya maji iliyokatwa kitako, na kila chupa tupu iliondoka mikononi mwangu kabla tone la mwisho halijaanguka: ni za mawese, za petroli, za asali. Lililochukua muda ni kile kijiti cha kupimia. Kila mtu alitaka kukichomoa mwenyewe, akifute kwa shati lake, akichomeke, akichomoe tena, aseme "imefika" kwa sauti ya mtu aliyegharimia. Nadhani lita moja nzima ya mafuta mapya imo kwenye mashati ya Mangobo. Ile ya njiani ilipata kazi palepale, muuzaji hakudanganya.

Nikawasha. Taa nyekundu ya mafuta ikazimika, na yule mama wa Kijapani akasema maneno yake. Watoto wote wakayasema pamoja naye, na kwaya, ambayo kwa muda mrefu haikuwa na kazi, ikampa sauti ya pili.

Jioni yule fundi wa garaji alikuja nyumbani. Hakuja kwa salamu. Alikaa, akanywa maji, akauliza habari za watoto mmoja mmoja, kisha akasema kwa upole wa mtu aliyeumizwa kwamba amesikia nimefanya vidanji. Nikamwambia ndiyo, nilitaka kumpunguzia kazi, na zaidi ya hayo bei yake ilikuwa ndogo, nilikuwa naona namnyonya.

"Mama," akasema, "mimi bei niliiweka ndogo kwa sababu ya mafuta."

Ndipo nikaelewa. Kule kwao anao mpasua mbao wake, waashi wake, watu wa nguzo; bidoni zao zina majina. Miaka yote nilimlipa kijana yule anichukulie bidhaa, yeye akaenda kuiuza, na mimi nikaenda nyumbani kumwombea Mungu amfungue akili ya biashara. Akapendekeza turudiane: atafanya vidanji bure kabisa, kiti hakitasogezwa, redio haitaguswa, ila kilichomo kwenye karteri kiwe chake.

Nilikuwa sijajibu bado, mpasua mbao akabisha hodi. Alikuwa na bidoni ileile na ndugu yake. Walitaka kujua vidanji nyingine ni lini. Nikawaambia baada ya kilomita 5,000, na mimi naenda shule na soko tu, mbali kabisa ni uwanja wa ndege wa Bangboka kumpokea mgeni, na wageni sina. Wakahesabu kwa vidole. Ndugu akashtuka.

"Na Banalia huna mtu, mama? Ni kilomita 128 tu kwenda. Hata rafiki wa mbali?"

Siku hizi nikitoka getini watu wanne au watano wanainama kuchungulia dashibodi kabla hawajanisalimia. Mwashi ndiye asiyevumilia. Jana nilipita na baiskeli ya jirani kuepuka matope, naye akasimama katikati ya njia, mwiko mkononi.

"Madamu, sasa hii ndiyo nini? Zege langu litangoja mpaka lini?"